Mfereji Uliokataa Kwisha

Tangu kiwanda cha nguo kifunge milango, Mkasi hakukata tena kitambaa; alikata udongo. Jina lilikuwa limemganda tangu enzi zake za meza ya kukatia, ila mikono ile iliyozoea kufuata mstari wa chaki sasa ilishika sururu. Dhiki ilikuwa imeuingia mji mzima bila kubisha hodi. Maduka yalifungwa, mafundi wakageuka wazururaji, na watu wakaanza kusalimiana kwa macho tu, maana aliyeulizwa hali alikuwa na mengi ya kusema.

Ndipo serikali ikaleta mradi wa kuwasaidia wasio na kazi: chimbeni mfereji wa kuyatoa maji ya barabara ya juu hadi korongoni, mpewe unga na posho kila wiki. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mradi ule uliokoa watu. Vyungu vilivyolala kifudifudi viliinuliwa. Mama yake Mkasi, ambaye miguu yake ilikuwa imekufa lakini ulimi u hai, alimwambia mwanawe, "Serikali imekuwa mama yako wa kambo. Kula, baba, lakini usimzoee."

Sharti lilikuwa moja. Mfereji ukifika korongoni, kazi imekwisha, kila mtu kwao.

Nani amalize kazi inayomlisha? Walipolikaribia korongo, wachimbaji waliacha ukuta wa udongo mwishoni mwa mfereji, mnene kama kifua cha fahali. Mchana waliukwangua, jioni, kabla ya kuondoka, waliujaza tena na kuushindilia kwa miguu huku wakiimba. Aliyebuni ujanja huo ni shemeji yake Mkasi, kaka wa mkewe, mwashi wa zamani aliyeitwa Taratibu. Nyapara aliona, akatazama pembeni, kwani mfereji ukiisha naye angebaki na filimbi yake tu. Mkasi mwenyewe alishindilia kuliko wengi. Kosa lao ni kuidhania mvua kuwa bado iko mbali.

Siku moja mbingu ilifunga tangu asubuhi. Mvua haikunyesha, ilimwagwa. Maji ya barabara ya juu yaliingia mferejini kwa kishindo, yakakuta ukuta, yakarudi nyuma yakipanda. Upande wa bondeni kulikuwa na safu ya vyumba vya kupanga, na cha mwisho kilikuwa cha Mkasi. Mkewe alikuwa amekwenda na watoto kufua nguo za watu. Ndani alikuwamo mama peke yake, kitandani, mlango umerudishwa.

Maji yalipoanza kuruka ukingo, kijito chekundu kilikimbia kati ya mfereji na vyumba, kikibeba ndoo na masufuria. Mkasi alinyakua sururu akaukimbilia ukuta. Taratibu alikuwa ameshaupanda, miguu kaitanua.

"Shuka, shemeji."

"Sishuki. Mvua ya kupita hii."

"Mama yumo ndani!"

"Basi twende tukambebe. Ukuta uache."

"Tupite wapi? Huoni maji yanavyokimbia pale? Ng'ombe hapiti, sembuse sisi na mgonjwa mgongoni!"

Wachimbaji walisogea na makoleo yao, wakamzunguka. Mmoja, aliyekuwa dereva wa lori, alisema kwa sauti ya chini, "Mkasi, nina watoto mimi. Ukitoboa hapo umeyatoboa matumbo yao."

"Nami nina mama mmoja."

"Kwani nani hapa ana mama wawili?" sauti ikadakia kutoka nyuma.

Taratibu hakucheka. "Piga basi! Anza na mguu wangu. Kisha nenda ukamweleze dada yangu watoto wake watakula nini."

Neno hilo lilimwingia Mkasi kama sindano chini ya ukucha. Sururu ikasita hewani. Mara, kutoka chumba cha mwisho, kikasikika kijiko kikigongwa kwenye sufuria, na sauti kali ikapasua mvua:

"Nyie wachimbaji! Huo ni mfereji au ndio kaburi langu?"

Mkasi akashusha sururu. Ilizama karibu kabisa na kisigino cha Taratibu, Taratibu hakusogea. Akapiga tena. Safari hii udongo uliguna, ukapasuka, na shemeji mtu akateleza, maji yakamkamata kiunoni. Mkasi alitupa sururu akamdaka kola ya shati. Dereva alimdaka Mkasi mkanda wa suruali, nyapara akamshika dereva, wakavutana huku wakitukanana mpaka wote wakaanguka matopeni. Nyuma yao ukuta ulikwenda wote kwa ngurumo, na maji yakajimwaga korongoni. Kule vyumbani kijito kilipungua, kikapungua, kikabaki tope.

Kesho yake alikuja afisa wa mradi, viatu vikimetameta, mwavuli kwapani. Aliutazama mfereji akatabasamu.

"Hongereni. Mradi umefanikiwa. Rudisheni vifaa."

Makoleo yakarundikwa, moja juu ya jingine. Mkasi alibaki na sururu mkononi.

"Mkubwa, hakuna kazi nyingine?"

"Msaada una mwisho wake, kijana."

"Mwisho wa msaada mmeupanga. Wa njaa je, mmeupangia wapi? Kwa sharti lenu, anayemaliza kazi ndiye anayelala njaa. Kisha mkatutaka tumalize!"

Afisa alifungua mwavuli, ingawa jua lilikuwa linawaka, akaondoka.

Njia nzima hakuna aliyemsemesha Mkasi. Wengine walivuka upande wa pili wa barabara. Alipofika kwake alikuta mlango wazi na mtu ameinama sakafuni, akikomba tope kwa kipande cha bati. Mama alikuwa kitandani, akisimamia kazi kama nyapara.

"Kona ile bado, Taratibu. Aliyekupa jina hakukosea."

Taratibu hakuinua kichwa. "Sijakusamehe, shemeji. Nimekuja kwa ajili ya mama."

Mkasi alivua viatu, akainama upande wa pili.