Mshipa Uliosahau Kujifunga

Nakijwa amelala chali kwenye kitanda chembamba, katika chumba chenye ubaridi, na Sista Agripina anamfunika kifua huku akimwambia, dada, usingizi ukija usishindane nao, wewe nenda tu. Ni mtu mzima sasa, fundi cherehani wa Same, lakini vilima vya kwao Upareni hajawahi kuvipanda kwa miguu yake. Utotoni alibebwa na mama yake, Bi Namkunda, na ukubwani anabaki chini wenzake wakipanda. Daktari Mrema alimweleza kwamba kila mtoto tumboni huwa na mshipa mfupi unaounganisha mishipa mikubwa miwili ya moyo, na akishazaliwa akavuta pumzi, mshipa ule hujifunga. Wako ulisahau, alisema, damu iliyokwisha kupita mapafuni inarudishwa hukohuko, na moyo unachoka kwa kazi ya bure. Tutapitisha mrija mwembamba kwenye kinena mpaka pale, tuzibe. Sasa dawa inaingia mkononi, taa inatanuka, inatanuka, na Nakijwa anavuka.

Yuko barabarani, barabara nyekundu yenye joto, inayotetemeka kama ngozi ya ngoma, na hatembei, amebebwa. Mama yake amemfunga mgongoni kwa kanga ingawa miguu ya Nakijwa inaburuta chini. Wanaingia mji ambao kuta zake ni vioo, na katika kila kioo yumo mama na mwana mgongoni, mwana mchanga, mwana kigoli, mwana mwenye mvi, wote midomo ya samawati. Wanatokea lango la juu, wanaushika mlima, na barabara inajikunja, mvumo mkubwa unawavuta kupitia kijilango kisicho na ubao, na wako mjini tena, wanatokea tena, wanavutwa tena. Kando ya kijilango amesimama mtu asiye na uso, laini kama yai. Nakijwa anamwuliza, mji huu una njia ngapi? Moja. Inaenda wapi? Ulikotoka. Na ya kutokea? Ni hiihii, siku itakapokuwa haipitiki.

Mama, nishushe, Nakijwa anasema. Mama hageuki. Nikikushusha utakata pumzi, mwanangu. Nimekubeba siku zote, leo nitachokaje? Lakini mama amechoka, mgongo umelowa jasho, na Nakijwa anahangaika na fundo la kanga, na kadiri anavyolifungua ndivyo linavyokaza. Anapiga kelele, na vinywa vyote vya vioo vinafunguka bila sauti. Hapa ndipo nitakapozeekea, anawaza, mgongoni mwa mtu anayekufa kwa kunibeba.

Ndipo uzi unaong'aa unapopanda kutoka chini, unampita pajani, unaingia kijilangoni, na ncha yake inachanua kama kijikapu cha waya. Mvumo unaanza kusongwa. Uvute, mwanangu, mama analia, uvute utoke, utatufungia humuhumu! Na kweli uzi uko kiganjani mwa Nakijwa, mwepesi, mtu anaweza kuung'oa kwa kidole. Anamtazama asiye na uso. Yule anasema, mfungwa ni nani, wewe au mlango? Mama, Nakijwa anasema, nisamehe, na anauachia uzi. Kijikapu kinajaa kijilangoni. Mvumo unakatika. Fundo linalegea lenyewe, nyayo zake zinagusa chini, na Bi Namkunda anaketi barabarani kama mtu aliyesahau jinsi ya kuketi.

Dada Nakijwa, fumbua macho, Sista Agripina anaita. Daktari Mrema anamsikiliza kifuani, anasikiliza tena, anatabasamu. Mshipa umeziba, anasema, moyo sasa unadunda vizuri. Mguu huo unyooshe, usiukunje kwanza. Mama anaingia na kikombe cha uji, anavuta kiti karibu. Kifua cha Nakijwa kimetulia mno, utulivu asioujua, hata anaogopa kupumua. Anautazama uso wa mama yake, mikunjo yake, jicho moja limevilia damu kwa kukesha, kama uso wa mtu anayemwona mara ya kwanza.

Mama, tumefika?

Tumefika wapi, mwanangu?

Nakijwa anafungua kinywa amjibu, na jina la mahali hapo halimjii.