Pilau kwa Moto wa Samadi

Semboja anauza mkaa, na jiko lisilotoa moshi linamkera. Rhoda alipochimba shimo nyuma ya mgahawa wake, hapa jirani na Hale, akaanza kupikia gesi ya samadi ya ng'ombe wake wawili, Semboja alizunguka kijiji kizima na swali moja: "Jamani, mnakula mavi?"

Kijiji chetu kina akili za ajabu. Samadi hiyo hiyo tunaimwagia mchicha, tunauchuma, tunaula na kujilamba. Lakini ikitoa moto, basi ni kinyaa. Wateja wakamkimbia Rhoda mmoja mmoja, wakaenda kula kwenye moshi na kutoka macho mekundu kama waliofiwa. Mimi Yuditha, mwosha vyombo wake, nikabaki kufuta sahani safi. Rhoda akaniambia wiki ikiisha hivyo, anafunga. Nililia kwa hasira, sifichi.

Wiki hiyo hiyo Semboja alikuwa anamwoza binti yake, Ikram. Wakwe wanatoka Handeni mjini, watu wa heshima, wanakuja basi zima la Kosta. Kwa kutaka sifa, Semboja akajenga banda kubwa la wageni, na turubai zilipopungua akazivua zile zilizofunika magunia yake ya mkaa. Usiku wa kuamkia harusi mvua ikanyesha. Banda likabaki kavu, mkaa ukalowa chapachapa. Kuni ndiyo usiseme. Nyaya za umeme zinapita juu ya vichwa vyetu kwenda mijini, sisi zinatuachia kivuli. Mitungi ya gesi kijijini iko miwili, yote mitupu, na mmoja Mzee Mhina ameugeuza kigoda.

Bibi Husna, mpishi wa shughuli, nyama ameshakata, mchele ameshaosha, moto hana.

"Semboja, nenda kwa Rhoda."

"Kwa Rhoda? Bora nife."

"Kufa utakufa mchana, wakwe wakikuta masufuria ya baridi."

Akaja kwa mlango wa uani, kanzu ameiinua asiichafue. Gesi ilikuwa tele, maana wateja aliowafukuza yeye ndio wangeitumia.

"Shikamoo, Baba Ikram," Rhoda akamwamkia.

"Marahaba, binti yangu."

Binti yangu! Tangu lini? Rhoda alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ikram sina ugomvi naye. Bibi Husna alete masufuria sasa hivi. Ila wewe utakaa benchi la mbele, pale barabarani, ule ugali wangu mpaka uishe."

"Watu si wataniona?"

"Ndiyo."

"Na nikikataa?"

"Utarudi na mchele wako. Moto huu ni wa ng'ombe wangu, Baba Ikram. Siungojei kwako."

Moyo ulinidunda kwa raha. Semboja akakaa benchini, na kijiji kikajaa kutazama. Jikoni, pilau ilipofika mwisho, Bibi Husna akatafuta makaa ya kupalia juu ya mfuniko, hayakuwepo. Akaufunga mfuniko kwa kitambaa kibichi, akazungusha koki ya gesi na kupunguza moto. Kisha akajigusa macho, makavu. "Kumbe miaka yote hii najiliza bure," akasema.

Kosta iliwahi, ikasimama pale pale mbele ya mgahawa. Mjomba wa bwana harusi akashuka, akamkuta baba wa bibi harusi ana tonge shavuni.

"Mkwe, pilau naisikia, moshi siuoni. Mnapikia nini?"

Semboja akameza. "Samadi," akasema kwa sauti ndogo.

"Nini?"

"Mavi ya ng'ombe, mkwe!"

Nilijua tumekwisha. Wakwe wakigeuza gari, harusi imevunjika, na lawama yote itamwangukia Rhoda. Mjomba akaitazama sahani ya Semboja. Ilikuwa imelambwa ikang'aa. Akavuta benchi.

"Mama, nami niwekee ugali kidogo. Pilau tutaikuta."

Wenzake wakafuata. Na majirani zetu, watu wasio na haya, wakaanza kugombea nafasi kana kwamba hawajawahi kuondoka. Rhoda akanirushia kitambaa, akaniambia niharakishe, sahani hazitoshi.

Semboja akanyoosha yake. "Niongezee."

"Panga foleni, Baba Ikram," Rhoda akasema, akapita na sahani ya mgeni.