Ndiyo, Mti Unakunywa

Niseme mapema: sipendi kufundishwa jambo na mtu ambaye hajainama kuligusa. Ndivyo nilivyoumbwa, na shemeji yangu Loishiye alilijua hilo siku alipokuja shambani kwangu na vijana wenye mashoka.

Mwaka ule vuli ilitupita bila kutulowesha. Mume wangu Parsimei alikuwa amechukuliwa na Wajerumani kubeba mizigo yao, asirudi tena. Mimi na mwanangu Koikai tulibaki na migomba, ng'ombe mmoja wa maziwa na chemchemi ndogo iliyotoka chini ya miti, huku kwetu Ilkiding'a, kwenye mteremko wa Meru. Chemchemi ikifa, migomba inakufa, nami narudi kwa baba yangu mikono mitupu.

Ng'ambo ya korongo aliishi Kisioki. Yeye alikata miti yote iliyozunguka chemchemi yake, akisema inamnywea maji. Na kweli, haukupita muda maji yakaongezeka. Nilikwenda kujionea, nikarudi nimenuna. Mfereji wake ulijaa hadi ukingoni, wangu ulikuwa unachechemea.

"Umeona mwenyewe," Loishiye akaniambia. "Miti ya kaka inakunywa maji ya mtoto wake. Tuikate."

"Ndiyo, mti unakunywa," nikamjibu. "Hata ng'ombe wako wanakunywa. Mbona huwachinji?"

Vijana wakacheka. Loishiye hakucheka. Akawaamuru waanze na mkuyu mkubwa. Hapo nikang'oa konzi ya nyasi mbichi, nikaegemea shina, nikaziinua. Kwetu mwanamume hamnyanyulii mkono mtu aliyeshika nyasi. Ni kuomba amani, na anayeikanyaga amani hiyo anajitafutia laana. Vijana wakashusha mashoka.

"Nyasi ni za watu, si za miti!" Loishiye akafoka.

"Basi mti huu una mtu."

"Utasimama hapo mpaka lini?"

"Nikichoka nitakaa."

Nikachoka, nikakaa. Nikahamishia mafiga yangu pale pale, nikapika, nikamlaza Koikai kwenye ngozi. Loishiye akaenda kuwaita wazee, akiamini watanicheka. Walinicheka kidogo, siwezi kukataa. Lakini wakakaa kunisikiliza.

Nikawaomba wachomeke fimbo zao ardhini. Chini ya miti yangu, penye majani yaliyooza, fimbo zilizama bila kusukumwa. Wakavuka korongo, wakajaribu kwa Kisioki, zikagoma. Kisha nikawaonyesha tawi nililolifunika kibuyu tangu asubuhi juani. Nilipokitoa, ndani kilikuwa kimelowa.

"Mti unakunywa, halafu unatoka jasho," nikasema. "Jasho hilo linapanda na kwenda zake mawinguni. Kisioki ameondoa miti, kwa hiyo maji yaliyokuwa yakipandia humo sasa yanamtokea chini. Anakula akiba ya ardhi. Mvua ikinyesha kwenye udongo mgumu ule, nani ataijaza tena?"

"Maneno tu," Loishiye akasema. "Maji ya Kisioki tunayaona."

Wazee wakaamua tungoje masika yapite, hadi mwisho wa kiangazi kitakachofuata. Chemchemi yangu ikikauka, miti ianguke na shamba lishikwe na Loishiye. Nilikubali hata kabla hawajamaliza kusema. Walipoondoka, nikaenda kuitazama chemchemi, maana nilijua ninachokijua lakini sikuwa na ahadi yoyote kutoka kwa ardhi.

Masika yakaja kwa hasira. Kwa Kisioki mvua ilipiga udongo ulio uchi, ikateremka nao, ikabeba maharage yake yote hadi korongoni. Korongo likawa jekundu. Kwangu matone yalianguka kwenye jani, yakashukia jani lingine, yakafika chini yamepoa, yakapotea kwenye majani yaliyooza. Lakini chemchemi yangu haikuongezeka! Wanawake wakapita na vibuyu vyao kuelekea kwa Kisioki, wakiniuliza kama miti yangu imeshiba.

"Bado," nikawajibu. "Ikishiba nitawaita."

Ikaja miezi ya baridi. Ukungu ulishuka kutoka Meru kila asubuhi, ukajifuta kwenye matawi, na hata siku zisizo na mvua miti yangu ilidondosha maji. Haba na haba hujaza kibaba. Nilijipa moyo kwa msemo huo huku nikijifunika shuka mbili.

Kiangazi kikakaza. Mfereji wa Kisioki ukapungua, ukawa matope, kisha ukawa njia ya mbuzi. Wangu nao ukapungua. Niliogopa, jamani. Kila asubuhi nilikwenda kuukagua kabla sijawasha moto, nikauona umekonda zaidi ya jana, nikarudi bila kumwambia mtu. Ukakonda hadi ukawa mwembamba kama kidole cha Koikai. Hapo ukagoma kukonda. Jua likawaka, majani ya migomba yakajikunja, lakini uzi ule wa maji haukukatika.

Wa kwanza kuja alikuwa Nalepo, mke wa Kisioki. Hakuniangalia usoni. Nikasogea, akakinga kibuyu chake. Baadaye wakaja wengine, mwishowe ng'ombe wa Loishiye wenyewe. Nikawazuia nje ya miti ili wasiukanyage udongo ukawa mgumu, wakanywea chini kwenye mfereji.

Wazee wakakutana tena. Loishiye akawahi kusema kwamba chemchemi ni ya ukoo.

"Maji ni ya ukoo," mkubwa wao akajibu. "Miti ni ya Mama Koikai. Hakuna atakayeikata bila yeye kusema ndiyo."

Mvua zilipokaribia, Loishiye akawa anajenga nyumba ya mke mpya. Akaja kwangu bila vijana wake.

"Takwenya," akanisalimu.

"Iko," nikaitikia.

Akakaa. Akauliza habari za ng'ombe, akauliza kikohozi cha Koikai, akalalamika kuhusu Wajerumani wanaokusanya watu wa kutengeneza barabara. Nikangoja.

"Shemeji," akasema hatimaye, "nina shida ya nguzo. Naomba mringaringa mmoja tu. Ule mdogo pale pembeni."

Nikautazama. Ulikuwa umenyooka kweli, ungemfaa.

"Hapana," nikasema.

Akautazama mringaringa ule mara moja zaidi. Kisha akaomba maji ya kunywa, nikamtekea.