Kalibu Moja kwa Bunduki ya Dell

Kalibu za kumiminia risasi zilikuwa tatu juu ya meza ya karakana, na Maren alizitazama kama alivyotazama kila kitu tangu mwezi wa Machi. Aliziona, basi.

"Chagua moja," alisema Orval, baba mkwe wake.

"Yoyote."

"Yoyote si kalibu, binti."

Orval Haskett alikuwa akijimiminia risasi zake mwenyewe tangu ujana wake, hapo hapo bondeni Lemhi, na mikono yake ilikuwa na vidoa vyeupe pale madini ya moto yalipomrukia. Kazi hiyo alimfundisha mwanawe wa pekee, Dell, na Dell akaipenda kupita kiasi. Wenzake walinunua kofia, yeye alinunua kalibu. Kisha lori la magogo alilokuwa akiendesha likateleza kwenye barafu, pale kona ya juu ya mto, na Maren akabaki na nyumba, mbwa, droo iliyojaa kalibu, na bunduki moja ya mtutu mpana.

Kiangazi, kibali cha kuwinda elki, yule kulungu mkubwa wa milimani, kilitoka kwa jina la Maren. Dell ndiye aliyemwandikisha wakati wa baridi, bila hata kumwambia. Orval akasema atampeleka kambini Oktoba, kwa sharti moja: achague risasi ya aina moja, bunduki irekebishwe kwa hiyo, aizoee. Elki ana ukubwa wa ng'ombe, na aliyejeruhiwa akapotelea msituni ni jambo ambalo Orval alilizungumzia kwa sauti ya chini, kama wengine wanavyozungumzia jela.

Maren hakukataa. Kukataa kulitaka nguvu. Jioni moja alimsikia mama mkwe wake, Nadine, akisema jikoni, "Atatuondokea huyu, Orval. Atakwenda kwa dada yake Spokane, na sitamlaumu." Orval akajibu, "Asipotaka kitu chochote huku, ataenda. Kwanza atake kitu." Maren alikuwa ukumbini akivua buti. Alisikia yote hayo kama mtu anayesikia redioni kwamba mahali fulani kutanyesha.

Sasa chungu cha umeme cha kuyeyushia madini kilikuwa kimepata moto. Orval alitupa kipande cha mshumaa ndani ya madini yaliyoyeyuka, akakoroga, akaengua uchafu uliopanda juu. Aliwasha njiti ya kiberiti na kuipitisha ndani ya kalibu ya kwanza ili masizi yaishike.

"Hii ndiyo aliyoipenda Dell," alisema. "Nzito kuliko zote. Ukimpiga nayo elki, hataki maelezo zaidi. Hii nyingine ni nyepesi, ya kutobolea makaratasi na makopo. Na hii ya kati, ambayo risasi yake huvishwa kikombe cha shaba kitakoni, ukiitilia baruti kidogo ni mpole, ukiongeza ni mkali. Mimi sikuchagulii."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu bega si langu."

Alimimina. Zile za mwanzo zilitoka na mikunjo, maana kalibu ilikuwa bado baridi. Alimwonyesha moja kwenye kiganja cha glavu. "Uso wangu huu," alisema, akairudisha chunguni. Maren alijua kwamba hapo ni mahali pa kucheka. Alivuta midomo.

Alisogea kushika kalibu, na Orval akainua kidole.

"Sheria ni moja. Hapa pasifike maji. Tone moja likizama humo chini, madini yote yanaruka usoni. Bia haiji hapa, jasho la usoni unalifuta kwanza, na ukitaka kulia unatoka nje."

"Silii."

"Najua," alisema Orval. "Nimeona."

Jumamosi walikwenda kwenye machimbo ya kokoto na risasi za aina zote tatu. Orval alibandika karatasi kwenye ubao, Maren akaketi nyuma ya gunia la mchanga. Alianza na nyepesi. Akapiga.

"Vipi?"

"Sawa."

Akapiga za kati. Sawa. Akajaza zile nzito, akavuta wenzo wa bunduki, akafyatua, na mlio ukaenda hadi ng'ambo ya bonde ukarudi. Mwili wake ulisukumwa nyuma, naye akarudi mahali pake. Akavuta wenzo tena. Hakukunja uso, hakufumba macho kabla ya mlio, hakusugua bega. Kwenye karatasi matundu yalikuwa yamekusanyika, unaweza kuyafunika kwa kikombe.

Orval aliyatazama muda mrefu. Alivua kofia akaivaa tena.

"Dell alikuwa akipiga tatu za hizi anaanza kuusingizia upepo," alisema. "Alikuwa anasema mwanamke hawezi. Laiti angekuona."

"Nipige nyingine?"

"Kama unataka."

Hakutaka wala hakukosa kutaka. Akapiga nyingine, na nyingine, hadi boksi likaisha. Njiani kurudi Orval alipiga mluzi, jambo ambalo Maren hakuwa amelisikia tangu msiba. Mzee alikuwa amekwisha kuamua moyoni: itakuwa ile ya Dell. Maren akaona ni sawa pia.

Nyumbani, Nadine alikuwa akipanga kurudisha mabakuli ya kioo yaliyoletwa msibani yakiwa na viazi vya jibini. Miezi yote hiyo yalikuwa kabatini, kila moja na jina la mwenyewe chini yake.

"Nishushie lile la juu, mpenzi, wewe mrefu. La yule mama wa posta. Viazi vyake vilikuwa na chumvi ya kutosha farasi, lakini bakuli ni lake."

Maren akanyoosha mkono. Ukosi wa shati ukahama, na Nadine akaliona bega. Aliweka chini kitambaa cha vyombo, akaja, akaushika ule ukosi kwa vidole viwili na kuuvuta taratibu. Shati lilikuwa limegandia ngozi.

"Orval," aliita. "Njoo uone ulichokifanya."

Orval akaja na kikombe cha kahawa mkononi. Bega lilikuwa jeusi kutoka shingoni mpaka kwapani, na juu ya mfupa ngozi ilikuwa imepasuka.

"Inauma?" aliuliza.

Maren alifikiri. Alitaka kumpa jibu la kweli, kwa kuwa mzee alikuwa amebadilika rangi.

"Sijui," alisema.

Orval aliketi. Kahawa haikunyweka. "Nilidhani ni ushujaa," alimwambia mkewe, si Maren. "Nilikaa pale nikafurahi."

"Ulifurahi kwa sababu ni kalibu ya Dell," alisema Nadine, naye alikuwa tayari anatafuta maji ya vuguvugu.

Bunduki ikafungiwa kabatini mpaka bega lilipogeuka kijani, halafu njano. Siku waliyorudi machimboni majani ya miti yalikuwa yameanza kuwa ya dhahabu na Orval alileta zile za kati peke yake, zimetiwa baruti kidogo. Alimkunjia taulo begani, akaketi karibu yake.

Akapiga.

"Vipi?"

"Sawa."

"Hapana, binti. Nimekuuliza vipi."

Akapiga ya pili. Ya tatu ilipotoka kulikuwa na kitu, mbali, kama jino linapoanza kuuma tena baada ya sindano ya ganzi. Akakaa akikisikiliza. Akavuta wenzo, akalenga, kidole kikasita.

"Inauma," alisema.

"Wapi?"

"Hapa. Na huku juu." Aliweka bunduki juu ya gunia. "Inauma sana, Orval."

Orval alitikisa kichwa kukubali, polepole. "Nipunguze baruti?"

"Punguza. Ila Oktoba uniongezee kidogo. Nitakuwa nimepona."

"Kalibu hii hii?"

"Hii hii." Kisha akauliza, "Ile ya Dell, ilikuwa inamuumiza na yeye?"

"Kila mara. Alikuwa anarudi nyumbani anaendesha kwa mkono mmoja."

Maren alikumbuka. Mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umelazwa mapajani, na yeye akidhani ni madaha. Alishika bega lake mwenyewe. Machozi yakamlenga, akageuza uso upesi, akatazama huku na huku kama mtu anayetafuta mlango.

"Hapa hakuna chungu, binti," alisema Orval.

Mzee akainuka akaenda kuokota maganda ya risasi, akiyatafuta hata mahali ambapo hayakuangukia.