Sufuria Moja kwa Michuzi Yote

Kwa heshima na taadhima, mimi Julie, mwanafunzi wa lise, sekondari ya masista, mtaalamu wa fizikia, Kilatini na kupiga kengele ya chakula kabla ya saa yake, nawatangazia wakaaji wote wa Goma, na mataifa yanayolizunguka ziwa, kwamba asubuhi ile katika mtaa wa Ndosho historia ya binadamu ilishika njia mpya.

Tulikwenda kutengenezesha sufuria.

Moja tu. Alumini ya kutosha mbili haikuwepo, na ndiyo maana uso wa Tantine Athanasie ulikuwa kama wa mtu anayekwenda kuapishwa.

Tantine ni dada mkubwa wa mama yangu. Kule Kiwanja alikuwa na malewa yake ya kuuza chakula karibu na soko: mabenchi, turubai, na mchuzi wa karanga uliowafanya madereva wa pikipiki wazime injini na kuongea kwa adabu. Vita vilipofika alikimbia na mwiko kiunoni, na sufuria mgongoni, pale wanawake wengine walipofunga watoto. Kwenye barabara ya Kibumba pikipiki iliyombeba iliruka juu ya jiwe, sufuria ikaanguka, ikapasuka kutoka mdomoni hadi chini. Miwani yake ilibaki Kiwanja juu ya dirisha. Tangu hapo analala kwetu, chumba kimoja nami, ambaye masista walinirudisha nyumbani kwa sababu hiyo hiyo ya vita, wala si kwa sababu nyingine yoyote, hata kama umesikia tofauti.

Sasa Mama Généreuse, mwenye atelier kubwa ya ushonaji, alikuwa anatafuta mtu wa kuwapikia washonaji wake mchana. Alisema atakuja Jumatano aonje. Akiridhika, Tantine atapata kazi na kona yake chini ya paa la atelier. Asiporidhika, ataendelea kuosha vyombo vya mama yangu na kuomba ruhusa ya kuongeza chumvi. Mtu aliyelisha nusu ya Kiwanja, kuomba chumvi!

Pale Ndosho kuna mafundi wanaoyeyusha alumini. Unaleta mabaki yako, unachagua sufuria ya mfano, wanaipigilia mchanga mweusi ndani na nje, kisha wanaichomoa, na katika nafasi iliyobaki wanamimina alumini ya moto. Ukishachagua umbo, umechagua. Tulileta sufuria iliyopasuka, kifuniko chake, na birika letu lililokuwa likivuja tangu nizaliwe.

Fundi, Papa Célestin, alipanga mifano yake chini kama maaskofu kwenye picha.

"Mama, kamata hii ya chini sawa," alisema. "Inakaa fasi yote, hata juu ya meza. Wamama wa siku hizi wote ni hii tu."

Niliona wakati wa elimu umefika. "Tantine, kwa mujibu wa fizikia, chini pakiwa sawa, moto unashika sehemu kubwa zaidi, na kwa hiyo..."

"Fizikia yenu imekwisha kupika karanga?"

"Bado, Tantine."

"Basi ingojee inje."

Wafanyakazi wa Papa Célestin walicheka kwa furaha ambayo niliiona imezidi kipimo.

Tantine alichuchumaa, akachomoa mwiko kiunoni, akauingiza ndani ya sufuria tupu ya chini sawa. Akafumba macho. Akaanza kukoroga.

Alikoroga hewa. Nilitaka kucheka, nilikuwa hata nimeshaandaa neno la kusema, lakini nikajikuta nikiufuata mwiko kwa macho. Mkono wake ulikwenda polepole kama kweli kuna kitu kizito mle ndani, na kila mwiko ulipofika pembeni, pale ukuta unapokutana na chini, ulisita. Tak. Tak. Wanaume waliokuwa wakipuliza moto waliacha kupuliza.

"Hapa mwiko haufike," alisema bila kufumbua macho. "Karanga itajificha kwenye hii kona, itaungua kimyakimya, halafu itaharibu wenzake. Hii ni ya wali."

Akashika ndefu yenye mdomo mwembamba. Akakoroga. "Hii ni ya maharagi. Nyanya ndani yake italia siku nzima, maji hayana pa kutokea." Akashika pana, fupi kama beseni. "Hii nyanya itaipenda. Lakini karanga itakauka kabla watu hawajanawa mikono."

Ya mwisho ilikuwa na chini ya mviringo, kuta zikifunguka kidogo kuelekea juu. Mwiko uliingia, ukazunguka, ukapanda, ukashuka, na hapakuwa na tak. Hapakuwa na sauti yoyote. Naapa nilinusa karanga. Mfanyakazi mmoja alimeza mate.

"Lakini haitasimama juu ya meza, mama," Papa Célestin alisema kwa sauti ya kanisani.

"Meza haipike. Mbabula yangu ya makaa iko na shimo, itaishika. Kila muchuzi utapita humu. Tia hii."

Basi wakaipiga mchanga ile ya mviringo, wakaichomoa, na umbo la mchanga likabaki wazi, laini kama shavu. Wakati huo sufuria ya Kiwanja ilikuwa ikilainika motoni. Ilijikunja, ikazama ndani ya birika letu, na ghafla hapakuwa tena na sufuria wala birika, bali maji mazito yanayong'aa, na juu yake ngozi nyembamba iliyotetemeka. Wote waliinama kutazama. Tantine alifunika mdomo kwa kitambaa. Nami, Mungu shahidi, sikuwahi kujua kwamba kitu kilichokimbia vita kinaweza kuwa kitu kizuri namna ile.

Walipomimina, mchanga ulitoa moshi na mlio mdogo. Walipouvunja, sufuria ilitoka ya kijivu, ya moto, mpya kabisa. Fundi aliipiga tupa nje na mdomoni. Ndani, kwa kawaida, mwenye sufuria anasugua nyumbani. Nilijitolea kusugua mimi. Mama yangu alinishika paji la uso kuona kama nina homa.

Jumatano Mama Généreuse alifika na vitenge vyake, akakaa kwenye kiti pekee chenye mgongo. Tantine alitia vitunguu, nyanya, samaki mkavu, kisha karanga iliyosagwa. Akakoroga.

Krr.

Akasimama. Akatazama ndani ya sufuria kwa macho yasiyo na miwani. Akanitazama. Mimi nilikuwa nikilikagua bati la nyumba yetu kwa makini sana.

Kisha akaendelea, na hapo niliona kitu ambacho masista hawafundishi. Alitoa makaa kwa vidole, moja moja, moto ukapungua. Kila mwiko ulipokaribia pale chini aliuinua kidogo, kama mtu anayepita juu ya mtoto aliyelala, na kuuteremsha upande wa pili. Hakuacha hata mara moja. Jasho lilimtiririka shingoni. Mchuzi ukawa mzito, mafuta yakapanda juu.

Mama Généreuse alionja. Akaonja tena.

"Athanasie, utamu iko. Utamu mingi. Lakini nyuma yake nasikia moshi."

"Ni mimi," Tantine alisema. "Niliacha moto mukubwa."

Uongo! Vidole vyake vilikuwa bado vyekundu.

"Unisamehe, dada, nisikufiche," Mama Généreuse alisema. "Kama ni mukono, sitaweza kukupa kazi. Washonaji watakula kila siku. Kama ni sufuria, sufuria inapigwa tupa, narudi kesho. Ni nini?"

"Ni mukono."

Mama Généreuse si mtu wa kununua kitambaa bila kukigeuza. Alimimina mchuzi wote kwenye beseni, akainamisha sufuria kwenye mwanga. "Na hii ni nini? Kuku?"

Alikuwa kuku. Kuku aliyevimba juu ya alumini, amevaa kofia ya askofu, na ndani ya kofia karanga nyeusi imeganda. Tantine alimpapasa kwa kidole: kishungi, mdomo, kofia. Kuku huyo yuko kwenye mlango wetu, kwenye bidoni zote za maji, na kwenye ubao wa kila darasa nililopita.

"Julie," Tantine alisema, taratibu.

Nililiacha bati, nikamgeukia mgeni.

"Ni sufuria, Mama Généreuse," nilisema. "Mukono wake hauna kosa. Wote walikuwa wanatazama moto, nikachora kwenye mchanga wa ndani na musumari. Nilifikiri tutacheka. Na mimi ndiye nilisugua, ili asimuone. Moto haukuwa mukubwa, aliutoa kwa vidole vyake, muangalie vidole. Ni mimi."