Marehemu wa Mtihani

Mimi naitwa Winfred, ni mtu wa Busia upande wa Kenya, na sina subira na upuuzi. Nasema hivyo mapema kwa sababu haya nitakayoeleza ni upuuzi mtupu, na mtu anaweza kudhani niliufurahia.

Nilikuwa mwaka wa mwisho katika chuo kimoja kidogo huko Iyolwa, wilaya ya Tororo, Uganda, kinachofundisha watu wa aina tatu: watunza nyaraka, wakutubi na sisi wanaakiolojia. Cheti cha akiolojia hakipatikani kwa kalamu tu, lazima uchimbe. Na kwa kuwa Iyolwa haina mji wa kale uliofukiwa, mkuu wa chuo, Bwana Bartholomew Oketcho, huzika mambo ya kale mwenyewe. Kila mwaka kabla ya mtihani huazima kiunzi cha mifupa ya plastiki kutoka shule ya wauguzi, akakivisha shanga, akakizungushia nguo ya magome ya mti, sanda ya kizamani, na kukifukia pamoja na chungu. Siku ya mtihani mwanafunzi hukifukua polepole kwa mwiko na brashi, akipima na kuchora, mtahini kutoka Kampala akimtazama. Sote tulijua kuna nini shimoni. Lakini kukitaja kulikuwa kuvujisha mtihani, na anayevujisha mtihani hufukuzwa.

Mwaka wangu, ua wa chuo ulikuwa umechimbwachimbwa mpaka haufai tena, hivyo Mkuu akaamua kuzika nje, karibu na barabara. Kiunzi kilifika Jumamosi asubuhi kwa pikapu yenye namba za Kenya, maana safari hiyo shule iliyokubali kuazima ilikuwa ng'ambo ya mpaka. Mkuu na mlinzi wakakibeba katika zile nguo za magome, mmoja kichwani, mmoja miguuni. Walipokuwa wakikiteremsha shimoni, mguu ukachomoza hadi gotini. Mama mmoja mwembamba aliyekuwa anatoka kuteka maji akauona. Alitua jerikani, akapiga yowe, nao wakafukia haraka.

Kwa Wajopadhola, wenyeji wa huko, mtu hazikwi kimyakimya na wanaume wawili kando ya barabara. Kabla ya saa sita watu walikuwa wamejaa, wanawake wanalia, wanaume wanafunga turubai. Mwenyekiti wa kijiji akamuuliza Mkuu ni nani aliyefariki.

"Siwezi kusema," Mkuu alijibu, jasho likimtoka. "Ni siri ya mtihani."

Jibu hilo lilizidisha vilio. Mtu ambaye hata jina lake halitajwi, lazima alikuwa amekufa vibaya sana.

Wenzangu nao, badala ya kusaidia, wakaona ni nafasi ya mazoezi. Wakutubi waliwapanga waombolezaji kwa ukoo, kisha kwa herufi, wakamtenganisha mzee mmoja na mkewe kwa sababu mke alikuwa wa ukoo mwingine. Watunza nyaraka waliwazuia watu kuimba wimbo mmoja mara mbili, wakidai nakala yake tayari wanayo. Mimi nilitaka kitu kimoja tu, watu waende kwao ili Jumatatu, siku ya mtihani, nichimbe. Kura ya kufukua kaburi ilikuwa imeniangukia mimi, na nilikuwa nimeahidiwa kazi ya makumbusho kwa sharti la cheti.

Yule mama wa jerikani ndiye aliyeharibu kila kitu. Jina lake Abbo, lakini watu humwita Mama Sandra. Mumewe, Ofumbi, alivuka mpaka kwenda kutafuta kazi Kenya wakati Sandra bado ananyonya, na hakurudi wala kutuma salamu. Sasa Sandra ni msichana wa kuolewa. Mchana kutwa Mama Sandra alikuwa amesimama kando ya kifusi. Jioni akaitazama ile pikapu yenye namba za Kenya, akajifunga leso kiunoni, akaketi chini.

"Ni Ofumbi," alisema. "Wakenya wamemrudisha."

Watu wote wakageuka kumtazama Mkuu. Mkuu akafungua mdomo, akatuona sisi wanafunzi, akaufunga. Basi ikawa ni Ofumbi.

Ndugu za Ofumbi wakapigiwa simu, wakaja mbio kwa boda boda kutoka Nagongera. Mkubwa wao, Ochwo, alijitupa juu ya kifusi mbele ya umati, akalia hadi sauti ikakauka. Jumapili akachinja mbuzi. Nami nikala, siwezi kudanganya.

Jumatatu asubuhi nilichukua mwiko na brashi, nikamwendea Mama Sandra kwenye jiko la msiba alipokuwa anamimina chai. Niliona nimwambie ukweli mapema, asije akaumia mbele za watu.

"Mama, pole sana. Lakini huyu si baba Sandra. Huyu ni plastiki."

"Najua," alisema, na chai haikumwagika hata kidogo. "Goti yake iko na nati. Mimi naliona ile siku ya kwanza."

"Sasa mbona ukasema ni yeye?"

"Wewe bado mtoto. Ochwo na ndugu zake wanasema Ofumbi iko hai, atarudi. Miaka yote wanalima shamba yangu, ati wanamchungia. Nikitaka kurudi kwetu, mimi bibi ya mtu. Nikitaka bwana mwingine, mimi bibi ya mtu. Wageni ya kuposa Sandra walikuja, Ochwo akawafukuza, ati baba hayuko nyumbani. Naliomba tuzike hata kipande ya mgomba, vile watu wanafanya mtu akipotea. Akakataa." Akaweka birika chini. "Sasa Ochwo amelia. Amechinja mbuzi, watu wamekula. Hiyo hawezi kurudisha. Lakini wewe ukifukua, watu wataona plastiki. Atacheka. Atasema, mnaona, ndugu yangu iko hai. Na mimi nakwenda kungoja tena."

Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia Ochwo, Mkuu, na huyo Ofumbi ambaye labda saa hiyo alikuwa mahali fulani Kenya anakunywa chai na mke mwingine. Lakini zaidi nilikasirika kwa sababu nilishajua kwamba sitachimba, na cheti kile nilikitaka kuliko kitu chochote.

Mtahini aliwasili kwa gari la vumbi, Daktari Ochen, mtu wa miwani na haraka. Alikuta kaburi limezungukwa na waombolezaji waliopangwa kwa herufi.

"Anza," aliniambia.

"Siwezi, Daktari. Mwaka wa kwanza tulifundishwa kwamba kaburi lenye ndugu halifukuliwi bila idhini yao. Hili lina ndugu."

Akamgeukia Mkuu. "Bwana Oketcho, humu ndani kuna nini?"

"Siwezi kusema. Ni siri ya mtihani."

"Mimi ndiye mtahini!"

"Wanafunzi wanasikia," Mkuu alinong'ona, karibu alie.

Daktari Ochen akavua koti, akaninyang'anya mwiko, akapiga magoti achimbe mwenyewe. Umati ukanguruma. Ikionekana plastiki, Mama Sandra atarudi kungoja. Ikabidi niseme, nikasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

"Daktari, muulize kaka wa marehemu. Yuko hapa. Kama si kaburi la ndugu yake, aseme, nami nitachimba sasa hivi."

Wote wakamtazama Ochwo. Alitazama kifusi, akamtazama Mama Sandra kwa jicho baya, akawatazama watu waliokula mbuzi wake. Alikunja uso kama mtu asiye na pa kukimbilia.

"Ni kaburi ya ndugu yangu," alisema. "Ofumbi amekufa."

Mama Sandra alifunika uso kwa leso. Wanawake wakadhani analia, wakamshika mabega.

Daktari Ochen alirudisha mwiko, akajipangusa magoti. Aliniambia nimeifuata kanuni sawasawa, ila sikutoa hata punje ya mchanga, na yeye hana alama za mtu asiyechimba. Nimefeli. Mkuu hakunitetea, alikuwa anawaza atawaambia nini wenye kiunzi chao.

Nilikwenda nyuma ya darasa, nikalia kwa hasira. Mama Sandra akanifuata na kikombe cha chai.

"Wamekunyima?"

"Wameninyima. Nitarudia mwaka ujao."

"Na watazika mwingine?"

"Ndiyo. Lazima."

Akaketi karibu nami.

"Kule kijiji ya Kwapa iko dada yangu," alisema. "Bwana yake alienda Mombasa. Watu yake pia wanasema iko hai."

Nilikunywa chai yote kabla ya kumjibu. Kisha nikamuuliza huyo bwana alikuwa mrefu au mfupi.