Wiki ya Hamsini na Tatu

Solfrid hakuwa mtu wa kubahatisha. Namba ikiwa shufwa, na tarakimu zake ukizijumlisha zikagawanyika kwa tatu, basi namba hiyo inagawanyika kwa sita bila kubaki kitu. Na namba ya wiki ikigawanyika kwa sita, Magnar anapanda kivuko Jumanne saa nne asubuhi, anakwenda baharini. Nusu ya kwanza alifundishwa shuleni. Nusu ya pili alijifunza mwenyewe, nyuma ya kaunta ya kivuko hicho.

Magnar aliendesha kreni kwenye mtambo wa mafuta: wiki mbili baharini, wiki nne nyumbani, halafu mwanzo tena. Solfrid aliuza kahawa na svele, zile chapati nene tamu za kivukoni zinazokunjwa na jibini ya kahawia. Kuvuka fjordi, ule mkono mwembamba wa bahari kati ya milima, ni dakika ishirini. Katika dakika hizo Magnar aliketi kwenye kiti kirefu mbele ya kaunta, akala svele mbili, wakaongea: mvua, magoti, kondoo wa jirani, kidogo kuhusu marehemu mke wake, kidogo sana kuhusu mume aliyemwacha Solfrid. Kisha king'ora kinalia, madereva wanashuka kwenda kwenye magari yao, na yeye anakwenda kupanda helikopta. Wiki mbili baadaye anarudi, dakika ishirini nyingine. Ukitaka kujua mapenzi yao yalikuwa makubwa kiasi gani, hayo ndiyo yote, na kwa Solfrid yalitosha kumkosesha usingizi.

Watu wa huku hawataji tarehe, wanataja wiki. Daktari wa meno atakuambia uje wiki ya kumi na tisa, na ole wako uulize hiyo ni lini. Lakini mwaka una wiki hamsini na mbili, na hamsini na mbili haigawanyiki kwa sita. Ukianza kuhesabu upya kila Januari, hesabu inakuponyoka. Kwa hiyo Solfrid hakuanza upya. Tangu mwaka alioajiriwa kwenye kivuko kile aliendelea kuhesabu moja kwa moja, akiandika kwa penseli kwenye pembe za kalenda ya jikoni: hamsini na tatu, hamsini na nne, mia, mia mbili. Zamu yake ilikuwa ya wiki shufwa, wiki za witiri alipumzika. Na kwa kuwa sita inagawanyika kwa mbili, kila wiki ya Magnar, ya kwenda na ya kurudi, iliangukia kwenye zamu yake. Hakukosa hata moja. Aliona kama hesabu yenyewe inampenda.

Jumanne kabla ya Krismasi ilikuwa wiki ya mia tatu na kumi na mbili. Tatu na moja na mbili ni sita, na shufwa juu yake. Magnar akaja, akala huku akitazama dirishani. King'ora kilipolia akasimama, akavaa kofia, akaivua tena.

"Solfrid, nikirudi kuna jambo nataka kukuuliza."

"Niulize sasa hivi, nani kakuzuia?"

"Si la kuulizwa huku watu wanakimbilia magari."

Akashuka. Solfrid akafuta kaunta ileile mara tatu mpaka mabaharia wakaanza kumcheka.

Baada ya Krismasi ofisi ikampa wiki mbili za mapumziko mfululizo. Akadhani ni shukrani kwa kufanya kazi sikukuu, akaona kumbe mabosi nao wana utu. Akashusha kalenda ya zamani kabla haijaisha, akatundika mpya yenye picha ya farasi, akaandika kwenye wiki ya kwanza ya Januari: 313. Ya pili: 314. Hapo ndipo Magnar angerudi. Siku zilimwia ndefu kupita kiasi. Usiku aliona kana kwamba wiki mbili zimegeuka tatu, akaulaumu moyo wake: mama mzima wa miaka hamsini na sita, unahesabu siku kama msichana wa kipaimara.

Jumanne ya wiki ya pili alitengeneza nywele, akachanganya unga wa svele mapema, akaongeza iliki. Saa nne ikapita. Kivuko cha saa nne na nusu, hakuna. Saa tano, hakuna. Alivuka na kurudi mpaka jioni, kila mlango ukifunguliwa anainua uso, kila uso ni wa mtu mwingine.

Veslemøy, msichana anayepanga magari sitahani, akaja kunywa supu.

"Leo svele zimelala, dada. Umewapikia jeshi?"

"Kuna mtu alikuwa apite."

"Ahaa! Yule mzee wa kreni?" Veslemøy akakoroga supu yake. "Usijifanye kushangaa, kivuko kizima kinajua. Labda siku zake bado."

"Siku zake ni leo. Nimehesabu. Mia tatu na kumi na nne, wiki mbili kamili tangu aondoke."

"Wiki mbili? Dada, tangu wiki ya Krismasi ni wiki tatu." Akaweka kijiko chini. "Umeruka ya hamsini na tatu."

"Hakuna wiki ya hamsini na tatu."

"Miaka mingine ipo, na mwaka huu uliopita ilikuwepo! Niulize mimi. Watoto wangu hukaa kwangu wiki shufwa, kwa baba yao wiki witiri. Sasa hamsini na tatu ni witiri, na baada yake moja, nayo witiri. Amekaa nao wiki mbili, mwanaume yule, ananiambia ni kalenda, si mimi. Nililia kama mtoto. Na wewe ulifikiri ile likizo ndefu ofisi imekupa kwa upendo?"

Solfrid akazihesabu wiki upya kwa vidole. Magnar alikuwa amerudi Jumanne iliyopita. Alipita hapa na swali lake mdomoni, akamkuta Oddvar wa zamu nyingine, wakati Solfrid yuko nyumbani anaosha madirisha. Iliuma, tena iliuma pabaya.

Usiku ule akakaa na penseli. Safari ijayo ya Magnar ni wiki ya tano. Halafu kumi na moja, kumi na saba, ishirini na tatu. Kurudi: saba, kumi na tatu, kumi na tisa. Akaendelea mpaka karatasi ikaisha, akitafuta shufwa hata moja, na huku anajua haipo. Sita inagawanyika kwa mbili. Ndiyo maana kwa miaka sita hawakupishana, na ndiyo maana sasa hawangekutana tena. Ni hesabu ileile, hata haijabadilika. Imempa mgongo tu.

Aliomba kubadilishiwa zamu. Ofisi ikasema mpaka Septemba. Namba ya simu ya Magnar ilikuwa kwenye orodha ya mtandaoni ambayo kila mtu anaweza kuisoma. Akaiandika, akaitazama, akaijaribu kwa sita. Ilikuwa witiri. Akacheka peke yake jikoni, kisha akacheka kidogo tena ili asilie. Hakupiga. Angesema nini? Haloo, mimi ni yule wa svele? Na kumwuliza Oddvar kama Magnar alimuulizia ni sawa na kutangaza redioni. Labda hata hakuuliza. Labda alikunywa kahawa yake, akaona kaunta ni kaunta. Wazo hilo ndilo lililomla wiki tatu nzima.

Jumanne ya wiki ya tano, siku ambayo hakuwa na kazi yoyote duniani, Solfrid alivaa koti lake zuri, akapanda kivuko kwa miguu kama abiria. Akaketi meza ya pembeni, nyuma ya nguzo. Hakuwahi kukaa upande ule. Alishangaa jinsi kaunta ilivyo ndefu.

Magnar akaingia. Akatazama kaunta, akasimama kidogo mlangoni, na mabega yake yakashuka. Solfrid aliyaona yakishuka. Miaka sita amemtazama mtu huyu usoni, na usoni alikuwa na adabu zake. Mgongo haukuwa na adabu, ulisema kila kitu.

"Svele? Zimetoka sasa hivi," alisema Oddvar.

"Kahawa tu."

"Mara ya mwisho kahawa, leo kahawa. Daktari kakukataza?"

Magnar hakuketi kwenye kiti kirefu. Alisimama dirishani.

"Yule mama bado yupo?"

"Solfrid? Yupo, anakwenda wapi! Yeye ni shufwa, mimi ni witiri."

"Najua. Nimepiga hesabu."

"Basi umeniangukia mimi, rafiki yangu. Tutazeeka pamoja!"

"Hilo ndilo linalonitisha."

Solfrid akainuka. Akatoka nyuma ya nguzo.

"Magnar."

Akageuka haraka, kahawa ikamwagikia mkono, wala hakuifuta.

"Wiki hii si yako," alisema.

"Si yangu."

"Sasa unafanya nini humu?"

"Nimekuja kuulizwa."

Oddvar akaanza kusugua mashine ya kahawa kwa bidii asiyowahi kuionyesha kazini. Kivuko kikapunguza mwendo. King'ora kikalia, madereva wakasimama, viti vikakwaruza, watu wakapita kati yao wakishika funguo. Magnar hakusogea.

"Nilitaka kukuuliza," alisema, "wiki zako za mapumziko huwa unafanya nini?"

Solfrid alikuwa na majibu mengi. Kufuma, bustani, madirisha.

"Nakungoja wewe," alisema Solfrid.

Akapepesa macho, mzee wa watu. "Lakini mimi niko nyumbani wiki nne kila mara. Saa moja tu kwa gari."

"Mbona hukuniita?"

"Mbona hukuja?"

Miaka sita, saa moja kwa gari, na wote wawili wakaiachia hesabu iwapangie dakika ishirini. Huko chini, nyuma ya gari la Magnar, honi zikaanza, moja, kisha tatu, kisha sitaha nzima.

"Nenda," alisema Solfrid. "Unazuia watu."

"Narudi wiki ya saba."

"Saba ni witiri," alianza kusema kwa uchungu uleule wa jikoni, halafu akajikatiza. Kila mara Magnar aliporudi nchi kavu, yeye alikuwa amefungwa nyuma ya kaunta mpaka Jumapili. Wiki ya saba asingefungwa popote.

"Wiki ya saba nina nafasi," alisema. "Wiki nzima."

Magnar akaushika mkono wa Solfrid kwa mkono wake wenye kahawa, akaubana. Kisha akakimbia ngazi, na Solfrid akaenda dirishani kumtazama akitoka, akianza upya kuhesabu, safari hii siku, kwa kurudi nyuma: kumi na nne, kumi na tatu, kumi na mbili.